Kibarua wa saa kumi na moja

Kuna mfano mmoja wa Yesu ambao sisi Waswahili tunausoma bila kugeuza saa. Katika Mathayo 20, mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua, kisha anarudi sokoni saa tatu, saa sita, saa tisa na mwisho saa kumi na moja. Ni saa zilezile za kwetu, zinahesabiwa tangu jua lichomoze. Ikifika saa kumi na moja, watu wanakaribia kuosha majembe.

Mahubiri mengi niliyoyasikia hapo huwaita wenye dhambi waliochelewa: njoo, mlango bado uko wazi. Sawa. Lakini rudi nyuma sura moja. Petro ameuliza: sisi tumeacha vyote tukakufuata, tutapata nini? Mfano huu ni sehemu ya jibu lake. Wanaoambiwa ni waliotangulia: wazee wa kanisa, waanzilishi wa kwaya, sisi wenye benchi letu ambalo mgeni akilikalia tunamkodolea macho.

Tazama malipo yalivyopangwa. Msimamizi anaagizwa aanze na wa mwisho. Angeanza na wa alfajiri, wangechukua dinari waliyopatana na kwenda zao kwa furaha. Mwenye shamba alitaka waone wa saa kumi na moja wakipewa dinari ileile. Waliponung'unika, akawauliza kama jicho lao limekuwa ovu kwa sababu yeye ni mwema. Kiswahili kina neno la jicho hilo: kijicho.

Na nani hubaki sokoni mpaka saa hiyo? Pita kijiwe chochote cha vibarua wa ujenzi. Wenye misuli huchukuliwa asubuhi. Anayebaki ni mzee, au yule anayekohoa. Walipoulizwa mbona wamesimama bure kutwa, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Mvivu angekuwa ameshakwenda kulala. Dinari ilikuwa ujira wa siku nzima, na ujira wa saa moja usingelisha nyumba. Watoto wa kibarua aliyechelewa kuitwa hawana njaa ya saa moja.

Naelewa yote hayo, na bado ningekuwa kwenye foleni ile tangu alfajiri, mgongo unaniuma, ningenung'unika kuliko wote. Mathayo hasemi kama wale wa kwanza walirudi kesho yake. Mimi ningerudi, ila mngeniona saa kumi na moja kasorobo.