Mwizi Akishageuza Mgongo

Usiku mmoja hapa Kaptembwo, Nakuru, kijana alivunja kufuli ya jirani yangu, mama anayeuza mboga, akamkuta ndani na wanawe. Mama alishika mwiko, kisha sufuria, akampiga mpaka kisu kikamponyoka na akatoroka. Kwa hilo nampa heko. Sisi wanaume wa ploti ndio tuliomfukuza hadi mtaroni, na akapigwa mawe huku amelala, mikono juu ya kichwa. Nilikuwepo. Niliposema "inatosha", nilikuwa nimechelewa mno. Aliponea kwa kuwa gari la polisi lilipita.

Tangu hapo nimesikia mara nyingi kwamba tulikuwa tunajitetea. Hapana. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaturejesha kwenye misingi ya sheria ya mapokeo ya Uingereza, na humo kesi inayotajwa sana ni ya Palmer, iliyotoka Jamaika, ikaamuliwa na majaji wa rufaa huko London, na kuchapishwa katika ripoti za 1971. Majaji walikubali kwamba mtu aliyevamiwa hawezi kupima nguvu zake kwa mizani ya sonara. Akifanya kile alichokiona cha lazima wakati ule wa hofu, huo ni ushahidi mzito upande wake. Tena si kazi yake kuthibitisha kwamba alijitetea. Upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuonyesha kwamba hakujitetea. Lakini hatari ikishapita, walisema, nguvu inayoendelea inaweza kuwa kisasi tu.

Mama alikuwa na kisu mbele yake. Sisi tulikuwa na nini? Mgongo wa mtu anayekimbia.

Najua jibu la mtaani: ukimpeleka kituoni, wiki ijayo mnakutana naye stejini. Uchungu huo naufahamu, nami nimeibiwa mara mbili. Ila kijana yule angekufa mtaroni, mashtaka yangekuwa ya mauaji. Hata kama mahakama ingekubali kwamba tulianza kwa kujilinda tukapita kiasi, kosa la kuua bila kukusudia lina adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha, chini ya kifungu cha 205.

Mama mwenyewe hakutoka nje usiku ule. Alisukuma meza mlangoni, akakaa na watoto wake mpaka kukapambazuka.