Samaki wa Waya na Chupa Tumboni

Marafiki zangu wa mazingira watanuna, lakini nitasema. Samaki mkubwa wa waya aliyejazwa chupa za maji na kusimamishwa ufukweni hajawa sanaa bado. Ni pipa la taka lenye mapezi. Wageni wanapiga picha, mwenye hoteli anasifiwa, basi.

Tena ana madhara. Jua la pwani halina huruma na plastiki. Chupa hupauka, hukauka, kisha huanza kupukutika. Bonyeza kifuniko kilichokaa juani muda mrefu uone kinavyovunjika kidoleni. Vipande hivyo huingia mchangani, na maji yakijaa huvichukua. Tumeokota taka nzima, tukairudishia bahari imesagwa.

Kinachokosekana ni ufundi. El Anatsui, msanii wa Ghana, hutumia vifuniko vya chupa za pombe. Takataka tupu! Lakini vifuniko hivyo hubondwa, hukunjwa, hutobolewa na kuungwa kimoja kimoja kwa waya wa shaba, mpaka litoke pazia zito lenye mikunjo. Mwaka 2015 maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, yalimtunuku tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Hawakumtunuku kwa kusafisha mtaa.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Flipflopi, chombo cha baharini kilichoundwa Lamu, Kenya, kwa plastiki iliyoyeyushwa na kuvikwa vipande vya ndara za kila rangi, kilifika Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2019. Plastiki ile ilipita mikononi mwa mafundi wa majahazi, kwa hiyo kabla hujaiona taka unakiona chombo: mkuku, mataruma, omo na tezi, kila kitu mahali pake.

Najua wapo watakaouliza, kwa upande wa dini, habari ya kuchonga kiumbe chenye roho. Swali la haki, hasa kwetu Zanzibar, na jibu tunapita nalo kila siku milangoni. Waliochonga milango ya Mji Mkongwe walijaza minyororo, mawaridi na mayungiyungi, na hakuna aliyeona pengo la sura ya mtu. Ubao wa jahazi kuukuu, wenye matundu ya misumari na kutu iliyozunguka kila tundu, unajitosha. Huna haja ya kuutia macho.

Watoto wanalielewa hili kuliko sisi. Anayetengeneza gari la kopo huikagua kwanza ndara iliyokatika mkanda: penye soli nene ndipo anapokata gurudumu, maana nyembamba hukunjika gari likivutwa. Ameanza na kitu chenyewe, ujumbe haujamjia kichwani.

Pesa inayotengwa kwa maonyesho ya ufukweni ningependa ilipwe mafundi wa majahazi wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, walau mwezi mzima, kwa ujira wa fundi na si posho ya kujitolea. Wapewe nyavu mbovu, ndara na mbao za vyombo vilivyokufa, na asije mtu wa ofisini kuwachagulia umbo. Kazi ikikamilika, iwekwe kivulini.