Romeo: mpenzi wa kweli au mkware?

Machi 2017, serikali ya jimbo la Uttar Pradesh nchini India iliunda vikosi vya polisi vya kuwadhibiti wanaume wanaowasumbua wasichana mitaani na vyuoni. Vikaitwa vikosi vya kupambana na Romeo. Kabla ya hapo, enzi za Vita Baridi, majasusi wa Ujerumani Mashariki waliotumwa kuwatongoza makatibu muhtasi wa ofisi za serikali ya Ujerumani Magharibi mjini Bonn ili wawaibie siri nao waliitwa Romeo. Romeo, kijana wa tamthilia ya Shakespeare ya Romeo na Juliet aliyejiua kwa ajili ya mke wake, amefikaje kwenye orodha ya wakware?

Wanaomtetea wana hoja nzito. Romeo wa Shakespeare hamchezei Juliet. Anamwoa siku ya pili tu. Anapopata habari, za uongo, kwamba amekufa, ananunua sumu katika mji wa Mantua na kurudi mjini kwao Verona afie kando yake. Mkware gani hufanya hivyo?

Lakini wanaomshtaki nao wameusoma mwanzo wa tamthilia, ambao wengi wetu huusahau. Pale Romeo yu hoi kwa mapenzi ya msichana mwingine, Rosaline. Halali, hataki kuona jua. Anakwenda kwenye karamu ili amwone huyohuyo Rosaline, anamkuta Juliet, na Romeo hamtaji tena Rosaline ila pale Padri Laurence anapomsuta: mapenzi ya vijana yako machoni, si moyoni.

Mimi simwoni kuwa mkware. Mkware hudanganya, na Romeo hakumdanganya mwanamke yeyote. Rosaline mwenyewe alikuwa amemkataa. Kosa lake ni pupa. Katika utenzi wa Arthur Brooke wa mwaka 1562, ambao Shakespeare aliutegemea, kisa kinachukua miezi. Shakespeare alikibana kikawa cha siku chache: Jumapili karamu, Jumatatu ndoa, wiki haijaisha wote wawili ni maiti. Na katikati Romeo ameua watu wawili, Tybalt, binamu wa Juliet, na Paris, mchumba aliyetaka kumwoa Juliet, huyu wa pili akiwa amekuja tu na maua kaburini. Ajabu ni kwamba damu hiyo haitajwi na watetezi wala washtaki.

Jina lenyewe halikuanzia kwenye mapenzi. Kwa Kiitaliano romeo ni hujaji aendaye Roma. Mshairi wa Italia, Dante, anaye Romeo wake peponi, mtumishi mwaminifu wa mtawala wa Provence aliyeponzwa na husuda akaishia kuombaomba. Kisa cha wapenzi hawa kilipoandikwa na mwandishi wa Italia Masuccio mwaka 1476, kijana aliitwa Mariotto. Ni mwandishi mwingine wa Italia, Luigi da Porto, kwenye miaka ya 1520, aliyempa jina la Romeo. Shakespeare anaelekea kuijua maana hiyo: kwenye karamu Juliet anamwita "hujaji mwema" kabla hata hajaambiwa jina lake.

Akishalijua, analia gizani: kwa nini wewe ni Romeo? Waingereza wengi leo hudhani anauliza yuko wapi, kwa sababu neno lao la kale, wherefore, yaani kwa nini, limewapotea. Yeye anataka jina litupwe, na Romeo anakubali palepale kubatizwa upya.

Lililotupwa Verona likaokotwa Uttar Pradesh. Na haukupita muda vikosi vile vikaanza kulaumiwa: vilikuwa vinawakamata hata wapenzi walioketi pamoja bustanini kwa ridhaa yao.