Leseni ya TV ya BBC: ni haki kweli? Na sisi wa kusini mwa Tanzania tungekubali kitu kama hicho?

Huko Uingereza wanabishana tena kuhusu leseni ya TV na safari hii ubishi ni mzito, mana ile Hati ya Kifalme inayoiweka BBC inaisha tarehe 31 Desemba 2027 na kabla ya hapo serikali yao lazima iamue kama hii hela iendelee kukusanywa hivi hivi au waje na njia nyingine. Kwa asiyejua iko hivi: ukiwa unaishi kule na unaangalia matangazo ya TV ya moja kwa moja, stesheni yoyote ile hata kama sio BBC, unatakiwa uwe na leseni, na Aprili 2025 ilipanda kutoka pauni 169.50 kwenda 174.50 kwa mwaka, kwa hela yetu hapo tayari umevuka laki 5. Usipolipa ni kosa la jinai, faini mpaka pauni 1,000.

Najua mtu wa Mtwara ataniuliza hiyo inatuhusu nini sisi. Inatuhusu sana. Idhaa ya Kiswahili ya BBC imeanza 1957, wazee wetu wa Mikindani, Newala, Kilwa wamezeeka nayo, ikifika saa ya taarifa ya habari nyumba nzima inaambiwa inyamaze, na kuanzia 2014 sehemu kubwa ya pesa za idhaa za nje za BBC inatoka kwenye hiyo hiyo leseni, kabla ya hapo ilikuwa inatoka wizara yao ya mambo ya nje. Yaani kuna mama yuko Manchester analipishwa na mimi huku Ligula, Mtwara, nasikiliza bure. Halafu tusijisahau, na sisi tuna shirika letu la umma la utangazaji, TBC, na tunalilipia kwa kodi kila siku, tofauti ni kwamba hatujawahi kuona risiti wala hatujui ni kiasi gani kimetoka mfukoni mwa nani.

Nianze na haki. Upande wa wanaoipinga leseni wana hoja nzito na mimi siwezi kuwapuuza. Ni kiwango kimoja kwa wote. Tajiri wa London mwenye jumba na mjane anayeishi kwa pensheni wanalipa sawa. Zamani wenye miaka zaidi ya 75 walikuwa hawalipi, ikafika Agosti 2020 ikabaki bure kwa wale tu wanaopata posho ya wazee wenye kipato duni. Na kibaya zaidi ni mahakamani, zaidi ya 7 kati ya 10 wanaotiwa hatiani kwa kutolipa leseni ni wanawake, sababu kubwa ni kwamba wao ndo wanaokutwa nyumbani mkaguzi akigonga mlango. Hapo mimi nasema wazi, sheria ambayo mzigo wake unamwangukia mama aliyebaki na watoto sio sheria ya haki, hata kama nia ya kuitunga ilikuwa njema.

Na sisi hili tunalijua vizuri kuliko wao. Chukua nyumba ya kupanga ya kawaida tu hapa Mtwara, Chikongola au Magomeni, vyumba sita, mita moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), wapangaji wanachangishana. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa humo humo kwenye umeme, ilianza 1,000 kwa mwezi, 2023 ikapandishwa ikawa 1,500, na kodi hiyo kwa haki yake ni ya mwenye nyumba. Sasa mwanzo wa mwezi zamu ya kununua umeme imemwangukia dada wa chumba cha nyuma anayeuza vitumbua, anatuma elfu 2, meseji inarudi na viuniti vya kuhesabu, mana 1,500 imeshaondoka kwenye jengo ambalo sio lake na hiyo iliyobaki nayo imekatwa VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Aende akamdai mwenye nyumba? Mwenye nyumba yuko Dar, simu anapokea akitaka. Kwa hiyo mtu akija na wazo kwamba leseni ya utangazaji Tanzania ikatwe kwenye LUKU kwa kila mita (na ndo njia ya kwanza watakayoiwaza, mana ni rahisi kwa mkusanyaji), huyo dada wa vitumbua ambaye TV hana, anasikiliza redio kwenye kiswaswadu, ndo atakayekuwa analipa.

Lakini sasa geuza upande wa pili. Bila hela ya umma nani atatangaza vitu ambavyo havina mdhamini? Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja huku kwetu shule zilifungwa, watu wakaambiwa watafute sehemu salama, kikaja kupiga zaidi Msumbiji. Mei 2024 kikaja Hidaya, mvua ikabomoa barabara ya Lindi kwenda Dar upande wa Somanga, kusini tukakatika kabisa, mabasi yamekwama, bidhaa zimekwama. Siku kama hizo hakuna kampuni ya soda itakayolipia tangazo la kumwambia mvuvi wa Msimbati asiingie baharini. Stesheni za biashara zinafuata watangazaji na watangazaji wako Dar, hilo silaumu, ndo biashara yao, na redio zetu ndogo kama Jamii FM pale Naliendele zinajitahidi sana lakini masafa yake yana mwisho. Mtu wa Liwale vijijini au Nanyumbu anahitaji chombo kinachomfikia kwa sababu ni raia, hata kama hana cha kununua. Hiyo ndo hoja ya msingi ya leseni na naikubali kwa moyo wote.

Swali linabaki, hela ipite njia gani. Ufaransa waliifuta ada yao ya euro 138 mwaka 2022 na kuweka sehemu ya kodi ya VAT badala yake. Wapo wanaosema hiyo ni bora, hakuna wa kugongewa mlango wala wa kupelekwa mahakamani. Sawa, lakini hela ikishaingia kapu kuu, kila bajeti shirika linaenda kupiga magoti wizarani, na anayepiga magoti kila Juni hawezi kumuuliza waziri swali gumu mwezi Julai. Sisi wa Mtwara na Lindi tusifundishwe hili na mtu, tulishaliona kwenye korosho. Ushuru wa korosho zinazouzwa nje, sheria ilisema asilimia 65 irudi kuendeleza zao, asilimia 35 iende Hazina, hiyo 65 ndo ilikuwa inaleta dawa ya salfa ya mikorosho na miche. 2018 sheria ikabadilishwa hela yote ikaingia mfuko mkuu wa serikali, wabunge wa kusini wakapiga kelele bungeni mpaka sauti zikakauka na ikapita. Kwa hiyo mtu akiniambia leo tutatenga fungu maalum la utangazaji wa umma, swali langu la kwanza ni nani atakayezuia lisibebwe kesho.

Haya twende kwenye kutopendelea upande, mana hapa ndo pana uzito wenyewe.

BBC yenyewe sio malaika. Novemba 2025 mkurugenzi mkuu Tim Davie na bosi wa habari Deborah Turness walijiuzulu baada ya kubainika kwamba kipindi kimoja kiliunganisha vipande viwili vya hotuba ya Trump ya Januari 6, 2021, vipande vilivyoachana kwa zaidi ya dakika 50, vikasikika kama sentensi moja. Kosa kubwa na halina utetezi. Na kabla yake Aprili 2023 mwenyekiti wa bodi Richard Sharp alijiuzulu kwa sababu ya kuhusika kwenye mipango ya mkopo aliopata Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati huo ambaye serikali yake ndo iliyompendekeza kwenye hicho kiti. Wapinzani wa leseni wanasema haya, mnatulazimisha kulipa halafu mnatudanganya. Wanayo haki ya kukasirika. Ila mimi naona na hiki: watu wameondoka. Mkubwa kabisa wa shirika amebeba mzigo wa kosa la chumba cha uhariri. Mlipaji akipiga kelele kelele inafika, kwa sababu hela ni yake na anajua kiasi.

Sasa njoo kwetu. Mei 22, 2013, siku hotuba ya bajeti ya Nishati na Madini inasomwa Dodoma na Waziri Muhongo na kuonekana wazi kwamba bomba la kupeleka gesi yetu Dar, ambalo watu wa hapa walikuwa wanalipinga, liko pale pale, Mtwara iliwaka. Watu walipoteza maisha, nyumba na ofisi zikachomwa, jeshi likaingia mitaani, na moja ya nyumba zilizochomwa ilikuwa ya mwandishi wa TBC wa hapa hapa Mtwara. Nasema bila kuzunguka, ule ulikuwa uovu, mwandishi hana kosa, hapangi yeye nini kiende hewani Dar. Lakini lazima tujiulize hasira ile ilitoka wapi. Mtaani watu walikuwa wanaona chombo cha taifa kinaeleza upande mmoja tu, faida ya bomba, gesi ni ya Watanzania wote, na hoja hiyo ilikuwa na ukweli wake kabisa, ila mtu wa Madimba aliyekuwa anauliza mimi nabaki na nini hakujisikia popote. Akisikiliza BBC au DW ya Ujerumani jioni anasikia angalau sauti inayofanana na yake. Fikiria uzito wa hilo, habari ya Mtwara unaipata vizuri zaidi ikipitia London na Bonn!

Halafu Januari 2016 likaja la Bunge. Nape Nnauye, wakati huo waziri wa habari na mbunge wa Mtama, mtu wa Lindi, alitangaza TBC haitarusha tena Bunge lote moja kwa moja kwa sababu ya gharama, ikatajwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Upande wa serikali walisema shirika halina hela na watu wawe kazini mchana sio kwenye TV. Gharama ni kitu cha kweli, sibishi. Ila kama kuna matangazo ya mwisho kabisa ya kukatwa kwenye chombo cha umma ni Bunge, mana ndo mahali pekee mbunge wangu nilikuwa namwona anasema nini bila mhariri kunichagulia. Hapo ndo ningetamani kuwe na leseni, ili mlipaji awe na sauti ya kusema kata kingine, hiki acha.

Wajerumani mimi naona wametuzidi wote. Kila kaya inalipa, euro 18.36 kwa mwezi tangu 2021, uwe na TV usiwe nayo, ila anayeishi kwa msaada wa serikali anaweza kuomba asamehewe na anasamehewa. Kiwango kinapendekezwa na tume huru, na jimbo moja lilipogoma kupitisha nyongeza mahakama yao ya katiba mwaka 2021 ikaamua kwamba halina ruhusa hiyo. Mahakama hiyo hiyo 2014 ilishasema kwenye vyombo vya kuisimamia ZDF, TV yao ya umma, watu wa serikali na wenye vyeo vya siasa wasizidi theluthi moja. Kwetu mkurugenzi mkuu wa TBC anateuliwa na Rais. Hata awe mtu mwadilifu kiasi gani, na wapo waadilifu pale, anajua kazi imetoka wapi na inaweza kurudi wapi. Tido Mhando alitoka kuongoza idhaa ya Kiswahili ya BBC akaja kuongoza TBC, kwenye uchaguzi wa 2010 shirika likaandaa midahalo ya wagombea majimboni, mwisho wa mwaka huo huo mkataba wake haukuongezwa. Sababu rasmi watu wanaweza kubishana, ila waliobaki ndani ya jengo walijifunza nini?

Kwa hiyo mimi leseni siikatai, na sikubali kwamba bila kubadilisha uteuzi itatuletea chochote. Elfu 1 kwa mwezi ningeitoa, mpangaji na mzee asiye na kipato wasiguswe, hela isipite Hazina wala kwenye LUKU. Na nikitoa nataka nione jioni moja mbunge wa CCM na mgombea wa upinzani wamekaa meza moja studio, wanabanwa maswali yale yale kuhusu gesi na korosho, watu wa Msimbati na Nachingwea wanapiga simu, na kesho yake aliyeendesha kipindi yuko kazini kwake kama kawaida.