Alichokiona Megasthenes na Asichokitambua

Mnamo mwaka 300 hivi kabla ya Kristo, Mgiriki aitwaye Megasthenes alitumwa na mfalme Seleucus kuwa balozi katika baraza la mfalme wa India, Chandragupta Maurya, huko Pataliputra, mji uliokuwa mahali ilipo Patna ya leo nchini India. Kitabu chake kimepotea. Tulivyo navyo ni vipande tu vilivyohifadhiwa na waandishi waliomfuata, akiwemo Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, ambaye hata hivyo alimhesabu miongoni mwa waongo. Na kwa kweli, mtu anayesimulia habari za sisimizi wachimba dhahabu, na za watu wasio na vinywa wanaoishi kwa kunusa, amejitafutia sifa hiyo mwenyewe.

Lakini wanaomkataa kabisa wanapaswa kwanza kutueleza habari ya ukuta. Aliandika kwamba Pataliputra ulizungukwa na boma la mbao lenye malango 64 na minara 570, na wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya boma la magogo pale pale Patna. Sisimizi alisimuliwa; boma alilipita kwa miguu yake.

Gumu zaidi ni dai lake kwamba Wahindi hawakuwa na watumwa, kwa maana Ashoka, mjukuu wa Chandragupta, alichongesha kwenye miamba agizo kwamba watumwa na watumishi watendewe vyema. Wanaomtetea wanasema utumwa wa India haukufanana na ule wa Ugiriki, na kwamba Arthashastra, kitabu cha kale cha utawala, kinakataza Arya, yaani mtu wa jamii yenye heshima, kufanywa mtumwa, kwa hiyo huenda wenyeji walimweleza sheria naye akaiandika kana kwamba ndiyo hali halisi. Utetezi huo una uzito, ila katika vipande hivyo hivyo tunasoma kwamba mfalme alihudumiwa na wanawake walionunuliwa kwa baba zao. Jambo lenyewe alilikuta. Hakulitambua, nadhani, kwa sababu utumwa alioujua ulikuwa na sura moja tu, ile ya kwao.

Msafiri mwingine aliyeandika juu ya India, Faxian, mtawa wa Kichina aliyeondoka mji wa Chang'an mwaka 399 baada ya Kristo kutafuta maandiko ya Kibudha, ana kasoro ya namna nyingine. Anaisifu nchi ya kati ya India ambako watu hawaui kiumbe, hawanywi pombe wala kula vitunguu, na msomaji anahisi furaha ya muumini aliyefika nchi takatifu. Hata hivyo anawatoa Wachandala, watu wa tabaka lililodharauliwa, katika sifa hizo: hao, anasema, hukaa mbali na wengine, na waingiapo mjini au sokoni hugonga kipande cha mti ili watu wajue na kuwaepuka. Habari hiyo inaichafua picha aliyokuwa akiichora kwa upendo, naye hakuwa na sababu yoyote ya kuibuni. Ndiyo maana naiamini kuliko yale ya vitunguu.