Kitenzi "ir" na majedwali yasiyoeleza kitu
Kinachonikera katika vitabu vingi vya kujifunzia Kihispania ni namna vinavyomtupia mwanafunzi jedwali la kitenzi "ir", yaani kwenda, bila kumweleza kwa nini wakati uliopo ni "voy", wakati uliopita wa mazoea ni "iba" na uliopita wa tendo lililokwisha ni "fui", kana kwamba maumbo hayo hayana asili yoyote. Maelezo yapo, tena ni mafupi: Kihispania kiliyarithi kutoka kwa vitenzi vitatu tofauti vya Kilatini, "ire" na "vadere", vyenye maana ya kwenda, na "esse", yaani kuwa, ambacho ndicho kilichozaa "fui". Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini "fui", "fuiste" na "fue" ni maumbo ya "ir" na vilevile ya "ser", kitenzi cha kuwa. Kibaya zaidi ni zoezi linaloweka "fue" peke yake, pasipo sentensi, na kumtaka mwanafunzi ataje kitenzi chake! Swali hilo lina majibu mawili sahihi, na kumnyima alama aliyechagua mojawapo ni dhuluma. "Fue a Madrid" ni alikwenda, "fue médico" ni alikuwa daktari, na kinachotofautisha ni maneno yanayofuata, ambayo mtungaji hakuona haja ya kuyaandika.