Kuvuta komenti sio kuwajua mashabiki

Siku hizi mtu akitaka kutafiti mashabiki anachukua programu, anavuta maelfu ya komenti za wiki moja, anapanga za furaha huku za hasira kule, afu anasema kafanya ethnografia ya mtandaoni, yaani utafiti wa kuishi na watu mule mtandaoni ili uwaelewe. Mi nakataa. Robert Kozinets, mtafiti aliyeleta netnografia (ndo jina la ethnografia hiyo ya mtandaoni) miaka ya 1990, hata hakuanzia kwenye michezo, alianzia kwa mashabiki wa vipindi vya tivii, na alichosisitiza ni kwamba mtafiti azame mule ndani na awe na daftari lake la kuandika anachokiona.

Chukulia timu imefungwa kwa penalti ya utata dakika za majeruhi, shabiki anaandika "Hongera refa, leo umecheza kuliko wote". Programu inaona hongera, inatupia kapu la furaha. Aliyekaa kwenye lile grupu msimu mzima anajua jamaa ana povu, na anajua pia kwa nini wenzake wamecheka tu, maana huyo ni mwenyeji, angekuwa mgeni wa juzi angeshaitwa mamluki wa wapinzani.

Au nenda Strava, app ambayo wakimbiaji wanarekodi na kuoneshana mazoezi yao. Mtu anapost "leo nimejikokota tu", ukicheki pesi, yaani kasi yake, ni dakika nne kwa kilomita!! Anajisifu huyo, kila mtu anajua, na kudos (like za Strava) zinamiminika. Siku aliyokimbia vibaya kweli je? Anaificha, na hiyo hutaipata kwenye data yoyote mpaka umfuate umuulize, ndo maana mahojiano hayakwepeki.

Kinachoniudhi zaidi ni nukuu. Watu wanasema komenti iko wazi, kwa iyo ruksa kuinakili ilivyo, wakati msomaji akiibandika Google anaweza kutua moja kwa moja kwenye akaunti ya mtu. Aliyemtukana kocha usiku wa manane alikuwa anaongea na wenzake, sio na jarida la chuo kikuu. Chama cha watafiti wa intaneti, AoIR, kina miongozo ya maadili tangu 2002, sio jambo jipya hili. Badili maneno, ficha jina, kama ni nukuu tamu sana muombe mwenyewe.

Na kwenye grupu la kufungwa jitambulishe kwa admini kabla hujaanza kuchota chochote. Anaweza kukutoa, mashabiki wengi hawaamini sura ngeni hasa wiki ya dabi. Akikutoa, andika kwenye daftari kakutoa kwa maneno gani na ilikuwa kabla ya mechi ipi.